Shule mbili tatu, uamuzi mmoja: namna ya kulinganisha shule za msingi za umma katika jamii ndogo

Penye shule ishirini, mzazi anaweza kuzipanga kwa matokeo ya mtihani na asikosee sana. Penye shule mbili au tatu, njia hiyo hupotosha. Shule yenye watahiniwa 14 hupanda na kushuka kwa sababu ya watoto wawili tu. Jina zuri huendelea kutajwa miaka mingi baada ya mwalimu aliyelijenga kuhama. Na karibu kila unayemuuliza ana shemeji anayefundisha mojawapo ya shule hizo.

Kwa hiyo hapa tutatumia namba, ila tutazisoma kwa tahadhari, na uzito mkubwa tutauweka kwenye vitu ambavyo mzazi anaweza kuvihesabu au kuviona kwa macho yake: madaftari, darasa la kwanza, muda wa kufundisha na njia ya kwenda shule. Tenga wiki tatu hivi, wakati shule zimefunguliwa. Unahitaji daftari, saa na kikokotoo cha simu. Gawa kurasa za daftari kwa safu, safu moja kwa kila shule, na swali lolote utakalouliza shule moja liulize kote kwa maneno yaleyale. Ukiuliza kuhusu walimu upande mmoja na kuhusu vyoo upande wa pili, mwisho hutakuwa na cha kulinganisha.

Hatua ya 1: Jua shule zipi ziko wazi kwako

Anza ofisi ya elimu, kabla ya kwenda shuleni. Uliza kama kuna mipaka ya makazi katika usajili, umri unaokubalika kuanzia tarehe gani, siku ya mwisho ya kuandikisha, na utaratibu wa kuhamisha mtoto baadaye. Wazazi wengi hutumia mwezi mzima kuchagua shule ambayo mtoto wao hakuwa na haki ya kuandikishwa.

Kuna maswali mawili zaidi ambayo kwenye jamii ndogo huwezi kuyaruka. La kwanza: shule inaishia darasa la ngapi? Baadhi ya shule ndogo hufundisha madarasa ya chini tu, kisha watoto huhamia kwingine, pengine mbali zaidi. La pili: kuna mpango wa kuifunga, kuiunganisha na nyingine au kuigawa? Shule ambayo idadi ya wanafunzi imeshuka miaka minne mfululizo iko hatarini hata kama bado hakuna aliyetamka neno “kufunga”. Omba idadi ya walioandikishwa darasa la kwanza kwa miaka mitano na uangalie mwelekeo.

Hatua ya 2: Chukua matokeo, lakini hesabu vichwa

Omba matokeo ya mtihani wa kumaliza ya angalau miaka mitatu. Acha asilimia zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Chukua namba mbili kwa kila mwaka, yaani waliofanya mtihani na waliofaulu. Asilimia utaikokotoa mwenyewe.

Tuseme Shule A ilifaulisha 12 kati ya 14, mwaka uliofuata 9 kati ya 15, kisha 10 kati ya 11. Hiyo ni asilimia 86, 60 na 91. Shule B ilifaulisha 48 kati ya 62, 45 kati ya 58 na 50 kati ya 64, sawa na asilimia 77, 78 na 78. Ukitazama mwaka wa mwisho peke yake, Shule A inaongoza kwa pointi 13. Ukitazama mwaka wa kati, iko nyuma kwa 18. Sasa jumlisha vichwa vya miaka yote: Shule A, 31 kati ya 40, asilimia 77.5. Shule B, 143 kati ya 184, asilimia 77.7. Hapo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Usijumlishe asilimia tatu na kugawa kwa tatu. Kwa Shule A ungepata 79, kwa sababu mwaka wenye watoto 11 umepewa uzito sawa na wenye watoto 15. Kosa hili huonekana dogo, lakini shule zikiwa ndogo ndilo linalobadilisha nani wa kwanza.

Kisha pima ukubwa wa bahati. Kanuni ya haraka: gawanya 100 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watahiniwa. Watahiniwa 16 wanakupa pointi 25 juu na chini. 25 wanakupa 20. 100 wanakupa 10. Kwa mfano wetu, jumla ya 40 inatoa pointi 16 hivi na jumla ya 184 inatoa 7 hivi. Tofauti ya shule mbili ikiwa ndogo kuliko kiasi kikubwa kati ya hivyo viwili, ihesabu kuwa hakuna tofauti. Ndiyo, maana yake ni kwamba mabishano mengi ya kijiweni kuhusu shule ipi bora hayana msingi wowote wa hesabu.

Hili si jambo la nadharia. Wanauchumi Thomas Kane na Douglas Staiger walichambua matokeo ya shule za jimbo la North Carolina, Marekani, na katika kazi waliyoichapisha mwaka 2002 walionyesha kwamba matokeo ya shule ndogo huyumba sana mwaka hadi mwaka, kiasi kwamba ndizo zinazojaa kwenye safu za juu kabisa na pia za chini kabisa. Shule ndogo iliyoongoza mwaka jana, tarajia ishuke mwaka huu hata kama walimu hawajabadilisha chochote.

Pata pia mgawanyo wa madaraja. Kiwango cha kufaulu huficha mengi: shule inaweza kuwa na watoto wengi waliopita kwa alama moja, na nyingine ikawa na wachache waliofeli lakini wengi wa daraja la juu. Pale shule inapopimwa kwa asilimia ya kufaulu tu, nguvu huelekezwa kwa watoto walio karibu na mstari wa kufaulu. Walio chini sana na walio juu sana huachwa wajitegemee. Kama mtoto wako yuko katika moja ya makundi hayo ya pembeni, asilimia ya kufaulu haimhusu sana.

Hatua ya 3: Tafuta waliopotea njiani

Matokeo huwahesabu waliofika chumba cha mtihani. Wewe unataka kujua walioanza.

Kama elimu ya msingi ni miaka saba, chukua idadi ya darasa la pili ya miaka mitano iliyopita na uilinganishe na watahiniwa wa mwaka huu. Darasa la kwanza usilitumie kama mwanzo wa hesabu, kwa kuwa mara nyingi limevimba kwa wanaorudia na wadogo wasiofikisha umri. Tuseme darasa la pili lilikuwa na watoto 52, waliofanya mtihani ni 31, na waliofaulu 30. Shule itatangaza asilimia 97. Kwa hesabu ya walioanza, ni 30 kati ya 52, asilimia 58.

Kabla ya kulaumu, uliza watoto 21 walikwenda wapi. Katika jamii ndogo, familia tatu zikihama kwa sababu za kazi zinaweza kuondoka na watoto wanane. Mwalimu wa taaluma anayejua shule yake atakutajia makundi: waliohama, waliorudishwa darasa, walioacha. Kundi la kuchunguza ni la waliorudishwa darasa la mwisho kabla ya mtihani. Ikiwa darasa hilo hubakiza watoto wengi kila mwaka, shule inachuja ili matokeo yapendeze, na mtoto anayejifunza polepole ndiye anayelipa gharama.

Tazama pia wasichana na wavulana kwa kila darasa. Wakianza sawa na upande mmoja ukapungua sana kuanzia darasa la tano, kuna sababu ya kuitafuta: vyoo, umbali, kazi za nyumbani au ukali wa mtu fulani.

Hatua ya 4: Walimu, darasa kwa darasa

Ukiuliza “mna walimu wangapi?” utapewa uwiano, na uwiano haumfundishi mtoto. Shule yenye wanafunzi 210 na walimu 7 ina uwiano wa 30 kwa mwalimu mmoja, wakati darasa la kwanza lina watoto 58 na la mwisho lina 12. Mtoto wako anaanza darasa la kwanza.

Chora jedwali lenye mistari hii kwa kila darasa: wanafunzi waliosajiliwa, waliopo leo, mwalimu wa darasa, miaka aliyokaa katika shule hiyo. Katika safu ya walimu ondoa aliye masomoni, aliye likizo ndefu na, ikiwa hafundishi vipindi, mwalimu mkuu. Shule ndogo inayosema ina walimu sita mara nyingi hubaki na wanne darasani.

Sasa tazama nani kapewa darasa la kwanza na la pili. Shule nyingi huwapeleka walimu wazuri zaidi darasa la mtihani, na wadogo hukabidhiwa mwalimu mgeni au yule anayesubiri uhamisho. Ni kinyume na inavyotakiwa. Mtoto asiyejua kusoma darasa la tatu hana namna ya kufuata sayansi wala maarifa mengine darasa la tano, na mwalimu wa darasa la saba hawezi kurekebisha hilo kwa masomo ya ziada. Mkuu wa shule akikuambia bila kusita kwamba mwalimu wake bora yuko darasa la kwanza, hiyo ni alama kubwa kuliko nafasi tatu za mtihani.

Kuhusu ukubwa wa darasa kuna ushahidi mzuri. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, kuanzia mwaka 1985, watoto na walimu wa madarasa ya mwanzo waligawanywa kwa bahati nasibu katika madarasa ya wanafunzi 13 hadi 17 na mengine ya 22 hadi 25. Wale wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hisabati. Usilichukue hili mbali mno: halisemi kwamba darasa la watoto 50 ni bora kuliko la 60. Katika ukubwa huo, anachofanya mwalimu kina uzito kuliko tofauti ya vichwa kumi.

Katika shule ndogo sana utakuta mwalimu mmoja na madarasa mawili chumba kimoja. Usikimbie. Kaa nyuma dakika 30 na ujibu swali moja: wakati mwalimu anafundisha kundi moja, lile lingine linafanya nini? Kama lina kazi iliyoandaliwa kabla, ubao wake na mtoto mkubwa wa kuongoza, mpangilio huo unafanya kazi. Kama limekaa kimya likinakili au linasubiri, mtoto wako atapata nusu ya mwaka.

Hatua ya 5: Siku ya kutembelea

Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, lakini usiombe siku maalumu, omba wiki. Fika mara mbili, moja asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, nyingine saa moja kabla ya kufunga. Siku ya wageni shule zote hupendeza.

Ukiwa pale, andika saa. Kengele ya kipindi cha kwanza imelia saa ngapi, na mwalimu ameanza kufundisha saa ngapi? Ni madarasa mangapi hayana mtu mzima kwa wakati huo? Ikiwa ratiba ina vipindi vitano vya dakika 40 na kila kipindi kinapoteza dakika 10 kwa kusubiri, kufagia au mistari mirefu ya asubuhi, mtoto hupoteza dakika 50 kati ya 200. Kwa siku 190 za masomo hiyo ni zaidi ya saa 158. Hakuna kitabu wala jengo jipya linaloweza kufidia robo ya mwaka.

Ndani ya darasa la kwanza au la pili, tazama mambo haya na uyaandike palepale, maana ukifika nyumbani yatachanganyika:

- Watoto wangapi wameshika kitabu au karatasi ya kusoma, na wangapi wanatazama tu ubao.
- Je, mwalimu anawauliza walioko nyuma, au watatu wa mbele wanajibu kwa niaba ya darasa zima?
- Mtoto anapokosea, nini kinafuata: anaelekezwa, anarukwa, anachekwa au anachapwa?
- Kuitikia kwa pamoja. Kidogo ni sawa. Kipindi kizima cha kuitikia kinaficha nani hajui.

Rangi ya ukuta, maua na mabango ya maono ya shule yaangalie kwa adabu, kisha yaache.

Kwa mwalimu mkuu peleka maswali machache yanayodai jibu la kweli badala ya hotuba. Watoto wangapi wa darasa la tatu hawajui kusoma bado, na mnawafanyia nini? Mwalimu akiumwa, nani anaingia darasani kwake? Mara ya mwisho ulikaa ndani ya kipindi cha mwalimu mwingine lini? Mwalimu mkuu anayesema “watoto watano, na haya ndiyo majina na ratiba yao” anaijua shule yake. Anayesema “hapa wote wanasoma” ama hajapima au hataki ujue.

Hatua ya 6: Madaftari

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Daftari la mtoto ni rekodi ya mwaka mzima ambayo haikuandaliwa kwa ajili yako.

Tafuta madaftari matano ya hisabati na matano ya lugha kutoka kila shule, darasa lilelile. Majirani watakupa wakijua unachotafuta. Hesabu mazoezi yenye tarehe katika wiki nne zilizopita. Somo linalofundishwa kila siku linapaswa kuwa na mazoezi 16 hadi 20 hivi. Ukikuta chini ya manane, uliza kulikoni.

Baada ya idadi, angalia usahihishaji. Kuna alama ya vema kwenye jibu lisilo sahihi? Hapo mwalimu alipitisha kalamu bila kusoma. Kuna mkato mwekundu bila masahihisho chini yake? Mtoto ameambiwa amekosa na hakuonyeshwa wapi. Madaftari yote matano yana sentensi zilezile neno kwa neno, mpaka kosa la tahajia lilelile? Huko watoto wananakili ubao. Unachotafuta ni kazi tofauti kwa kila mtoto, makosa yaliyorekebishwa na mtoto mwenyewe, na angalau maandishi mafupi aliyoyatunga mwenyewe kila wiki kuanzia darasa la tatu.

Madaftari huonyesha hata utoro wa mwalimu. Tarehe zikiruka kwa siku sita katika madaftari yote, si mtoto aliyekosa shule.

Hatua ya 7: Sikiliza watoto wakisoma

Vipimo vya kusoma majumbani kama ASER, iliyoanza India mwaka 2005, na Uwezo ya Afrika Mashariki vimezoesha watu ngazi rahisi: herufi, maneno, aya fupi, hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Unaweza kufanya kitu cha aina hiyo jioni moja, kwa ridhaa ya wazazi.

Andika hadithi ya maneno 60 hivi, rahisi, ambayo haimo katika kitabu cha kiada. Ukitumia ya kitabuni utapima kukariri. Watoto wengine wanaweza “kusoma” ukurasa huku kitabu kimegeuzwa. Wape watoto watano wa darasa la tatu kutoka kila shule hadithi ileile, katika lugha ya kufundishia. Usichague, chukua watano wa kwanza unaowapata, vinginevyo kila mzazi atakuletea hodari wake. Kila mtoto asome kwa sauti, kisha ajibu maswali matatu, mawili ya jibu lililoandikwa waziwazi na moja la kufikiri. Malizia na hesabu moja ya kutoa kwa kukopa, mfano 52 toa 27.

Watano ni wachache, na kanuni ya bahati ya Hatua ya 2 inahusika hapa pia. Watoto wanne dhidi ya watatu si habari. Watano dhidi ya sifuri ni habari.

Kumbuka mtoto huingia shuleni na vitu alivyovipata nyumbani. Utafiti mkubwa ulioongozwa na James Coleman nchini Marekani, uliotolewa mwaka 1966, ulionyesha kwamba hali ya familia ina uzito mkubwa sana katika tofauti za matokeo. Shule iliyo karibu na nyumba za watumishi itaonekana bora hata ikifundisha wastani tu. Dawa ni kutazama maendeleo: ikiwa kuna mtihani wa pamoja wa madarasa ya kati na wa mwisho, fuata kundi lilelile la watoto. Alama zenyewe usizilinganishe, kwa sababu mitihani haiko kwenye kipimo kimoja; linganisha nafasi ya shule katika eneo. Kundi lililokuwa la 20 darasa la nne likawa la 9 mwishoni lilifundishwa. Lililobaki la 3 pengine lilifika likiwa la 3.

Hatua ya 8: Njia, maji na vyoo

Tembea njia na mtoto, saa atakayokuwa anakwenda, kwa mwendo wake. Mtoto wa miaka sita hutembea kama kilomita 3 kwa saa asipobembelezwa, hivyo kilomita 2 ni dakika 40. Kwenda na kurudi ni dakika 80 kwa siku. Kwa siku 190 ni zaidi ya saa 250. Weka namba hiyo kando ya saa za masomo zilizopotea ulizozipata Hatua ya 5, ndipo utajua kama shule ya mbali inastahili. Andika pia barabara ya kuvuka, mto unaojaa msimu wa mvua, na kama kuna watoto wengine wa kuongozana naye. Njia salama kiangazi inaweza kuwa haipitiki wiki tatu kwa mwaka, na wiki hizo zikiangukia mwanzo wa muhula, mtoto ataanza akiwa nyuma.

Vyoo vihesabu kwa matundu yanayofanya kazi na yaliyo wazi. Vilivyofungwa kwa kufuli kwa ajili ya walimu visihesabiwe. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2009 kwa shule za mazingira yenye uwezo mdogo vinataka tundu moja kwa wasichana 25, na tundu moja pamoja na sehemu ya kukojolea kwa wavulana 50. Wasichana 180 wanahitaji matundu manane. Maji ni lita 5 kwa mtu kwa siku katika shule ya kutwa. Angalia komeo kwa ndani ya mlango, na mahali pa kunawia mikono pakiwa na maji siku hiyo. Kwa mtoto mwenye ulemavu, njoo naye mwenyewe apite mlangoni, chooni na kwenye ngazi. Maneno “tunawapokea wote” hayana maana mpaka magurudumu yamepita.

Hatua ya 9: Michango na masomo ya ziada

Shule ya umma haina ada, lakini ina orodha. Omba kila kinachodaiwa kwa mwaka mzima: sare, chakula, mlinzi, mitihani ya majaribio, ukarabati. Kisha uliza mtoto ambaye mzazi wake hajalipa hufanywa nini. Jibu la mzazi aliyewahi kuchelewa ni sahihi kuliko la ofisini.

Masomo ya ziada ya kulipia yanahitaji jicho kali pale mwalimu anapowafundisha jioni watoto walewale wa darasa lake. Kinachoachwa mchana huuzwa jioni. Linganisha daftari la mchana na la jioni: kama mada mpya zinaanzia la jioni, ongeza gharama hiyo katika hesabu ya shule, maana si ya hiari tena.

Hatua ya 10: Wazazi na sifa za mtaani

Ukiuliza “shule ni nzuri?” utapata ukoo, siasa na hasira za zamani. Uliza matukio. Mtoto alipewa kazi ya nyumbani mara ya mwisho lini? Aliporudi amelia, ulimwona nani na ilikuwaje? Ulijuaje kwamba hasomi vizuri: shule ilikuita, au uligundua mwenyewe? Zungumza na watu wanne kwa kila shule, mmoja wao awe amemhamisha mtoto kutoka hapo, na mmoja awe na mtoto asiyefanya vizuri. Mzazi wa mtoto wa kwanza darasani ataipenda shule yoyote.

Uliza pia lini mwalimu mkuu alifika. Kama sifa unazosikia ni za kabla ya tarehe hiyo, si za shule unayoiona. Shule ikisifiwa sana, wazazi hukimbilia huko, na darasa lililokuwa na watoto 30 hugeuka la 55 kwa mwalimu yuleyule. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa hata hakukusudia. Wakati huohuo shule iliyoachwa inaweza kubaki na darasa la watoto 18 na mwalimu mwenye muda.

Majibu haya yaweke kwako. Walimu ni majirani, utakutana nao sokoni na misibani, na mmoja wao atamfundisha mtoto wako. Usipige picha madaftari na kuyatuma kwenye kundi la simu la kijiji.

Hatua ya 11: Kuamua

Usigawe alama kumi kumi kwa kila kipengele na kujumlisha. Jumla hufunika tatizo kubwa kwa mambo madogo mengi: shule yenye njia ya hatari haiokolewi na bustani na maktaba.

Anza na vinavyokataza. Njia isiyo salama, mtoto kuumizwa bila shule kuchukua hatua, au darasa lisilo na mwalimu kwa muhula mzima: chochote kati ya hivi kinaiondoa shule, labda kama huna nyingine. Zilizobaki zilinganishe kwa mambo matatu tu, kwa mpangilio huu: mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, madaftari, muda halisi wa kufundisha. Matokeo ya mtihani yaingie hapo tu kama tofauti imezidi kiwango cha bahati. Zikibaki sawa, chagua iliyo karibu.

Kama hakuna inayoridhisha, chagua ile ambayo mwalimu mkuu alikujibu kwa namba, kisha nenda kwenye mkutano wa wazazi wa kwanza ukiwa na swali moja lililotoka kwenye jedwali lako, si malalamiko saba. Wanafunzi 58 wa darasa la kwanza wanaweza kugawanywa katika mikondo miwili ikiwa mwalimu wa lile darasa lenye watoto 12 anaweza kuchukua vipindi vichache. Ni jambo ambalo kamati ya shule inaweza kulijadili siku hiyohiyo.

Mtoto akishaanza, fungua daftari lake mwisho wa wiki ya sita na urudie hesabu ya Hatua ya 6. Ukilazimika kumhamisha, fanya hivyo mwisho wa mwaka wa masomo, na usiondoke bila barua ya uhamisho, ripoti ya maendeleo na namba yake ya usajili. Shule inayompokea ikikosa namba hiyo, mtoto anaweza kufika darasa la mtihani jina lake likiwa bado limesajiliwa shule ya zamani.